Chiang Rai: Mahekalu, Milima na Pango Lililotikisa Dunia

Msafiri atokaye Bangkok, mji mkuu wa Thailand, akashika njia ya kaskazini, hupita kwanza mabonde mapana ya mpunga, kisha vilima, na hatimaye milima iliyofunikwa na ukungu. Baada ya mwendo wa kilomita zipatazo 800 huingia Chiang Rai, mkoa wa mwisho kabisa kaskazini mwa nchi hiyo, unaopakana na Myanmar, iliyokuwa ikiitwa Burma, na Laos. Kwa basi la usiku safari hiyo huchukua saa kumi na mbili hivi. Kwa ndege haifiki saa moja na nusu.

Wageni wengi huenda huko kutazama mahekalu na mandhari. Lakini yule anayekaa siku tatu au nne, akawauliza wenyeji habari za kila mahali anapopelekwa, hugundua jambo moja ambalo picha za matangazo hazilisemi. Karibu kila kitu kinachosifiwa mkoani humo kiliwahi kuharibika, kupotea au kukatiwa tamaa, kisha kikarudishwa na kazi ya watu.

MJI WA MFALME MANGRAI

Mji wa Chiang Rai ulianzishwa na Mfalme Mangrai mwaka 1262, ukingoni mwa mto Kok. Miaka 34 baadaye mfalme huyo aliujenga mji wa Chiang Mai, ukawa makao makuu ya ufalme wa Lanna, jina ambalo maana yake ni mashamba milioni moja ya mpunga. Mwaka 1558 Lanna iliangukia mikononi mwa Waburma. Vita vya karne zilizofuata viliufanya mji wa Chiang Rai uhamwe na watu wake, ukaota magugu, hadi ulipoanza kukaliwa tena katikati ya karne ya 19.

Leo mkoa mzima una wakazi wapatao milioni 1.3. Mabondeni wanaishi Wathai wa kaskazini, na milimani wamo Waakha, Walahu, Walisu, Wamien, Wahmong na Wachina, kila jamii na lugha yake, mavazi yake na mapishi yake.

Katikati ya mji lipo hekalu liitwalo Wat Phra Kaew. Wat ni neno la Kithai lenye maana ya hekalu pamoja na makao ya watawa. Masimulizi ya kale yasema kwamba mwaka 1434 radi iliupiga mnara mtakatifu wa hekalu hilo, na ndani ya nyufa ikaonekana sanamu ya Budha iliyopakwa chokaa. Hakuna aliyeijali sana. Siku moja mkuu wa watawa aliona chokaa imebanduka puani na jiwe la kijani kibichi linang'aa chini yake. Ndiyo sanamu inayojulikana ulimwenguni kuwa Budha wa Zumaridi, ingawa jiwe lenyewe si zumaridi.

Mfalme wa Chiang Mai aliitaka sanamu hiyo, akatuma tembo kuichukua. Yasemekana kuwa mara tatu tembo aliyeibeba alikataa kuelekea Chiang Mai, akashika njia ya Lampang. Basi mfalme akakubali ikae huko. Baadaye ilifika Chiang Mai, ikapelekwa Luang Prabang na Vientiane katika nchi ya Lao, na mwishoni mwa karne ya 18 ikarudishwa na majeshi ya Siam. Tangu mwaka 1784 imo katika hekalu la mfalme mjini Bangkok. Watu wa Chiang Rai hawakuachwa mikono mitupu. Mwaka 1990, kuadhimisha miaka 90 ya kuzaliwa kwa mama yake Mfalme Bhumibol, ilichongwa sanamu nyingine kwa jiwe la kijani lililotoka Kanada, nayo ndiyo inayotazamwa na wageni hivi leo. Hakuna kiingilio, na ua wa hekalu ni mtulivu hata siku za sikukuu.

JEUPE, LA BULUU NA NYUMBA NYEUSI

Kilomita kama 13 kusini-magharibi mwa mji lipo hekalu la Wat Rong Khun, ambalo wageni huliita Hekalu Jeupe. Kwa mbali huonekana kana kwamba limejengwa kwa sukari. Kwa karibu mtu huona vipande vya vioo vilivyopachikwa katika kila pembe, vikirudisha mwanga wa jua. Weupe ni ishara ya usafi wa Budha na vioo ni ishara ya hekima yake. Anayeingia huvuka daraja jembamba, na chini yake imechongwa mikono mingi ya watu wanaonyoosha viganja vyao juu kwa mateso. Hiyo ni picha ya tamaa za dunia ambazo mwanadamu hana budi kuzivuka.

Hekalu hilo ni kazi ya msanii Chalermchai Kositpipat, mzaliwa wa mkoa huo huo. Alikuta hekalu la kijiji lililochakaa, akaanza kulijenga upya mwaka 1997 kwa fedha zake mwenyewe zilizotokana na kuuza picha. Mpango wake ni wa majengo tisa, na inatazamiwa kuwa kazi itaendelea hata baada ya yeye kufariki, na wanafunzi wake ndio watakaoimaliza.

Tarehe 5 Mei mwaka 2014 tetemeko la ardhi liliupiga mkoa. Ncha za paa zilianguka, na michoro ya kutani iliyogharimu miaka mingi ikapasuka. Kwa uchungu msanii huyo alitangaza kwamba angelibomoa hekalu lote. Wahandisi walipolikagua walikuta misingi na nguzo ni imara, naye akabadili shauri, akaanza kutengeneza upya. Mgeni wa leo hawezi kutambua palipoanguka.

Mjini kwenyewe lipo Wat Rong Suea Ten, Hekalu la Buluu. Jina lake linatokana na chui milia ambao zamani walikuwa wakirukaruka mahali hapo. Mahali palipobaki magofu tu, wanakijiji waliamua kujenga upya. Kazi ilianza mwaka 2005, na ukumbi mkuu ukakamilika mwaka 2016 chini ya msanii aliyewahi kuwa mwanafunzi wa Chalermchai. Ndani, sanamu kubwa nyeupe ya Budha imekaa katikati ya kuta za buluu iliyokolea, na mtu aingiapo kutoka juani huhisi kama ametumbukia katika maji baridi.

Kaskazini mwa mji ziko Nyumba Nyeusi za msanii Thawan Duchanee, aliyefariki mwaka 2014. Ni majengo yapatayo 40 ya mbao nyeusi, yenye pembe za nyati, ngozi na mifupa ya wanyama. Hapo si hekalu, na watoto wadogo huenda wakaogopa. Lakini ufundi wa uchongaji wa mbao unastahili kutazamwa.

ASKARI WALIOGEUKA WAKULIMA WA CHAI

Kutoka mjini barabara ya kaskazini hupanda milima hadi Mae Salong, kijiji kilichojengwa na askari. Mwaka 1949, majeshi ya Kuomintang yaliposhindwa katika vita vya China, baadhi ya vikosi vilivyokuwa jimbo la Yunnan vilikimbilia Burma. Baada ya miaka mingi ya kuhamahama, kundi moja chini ya Jenerali Tuan Shi-wen lilipiga kambi Mae Salong mwanzoni mwa miaka ya 1960. Watu hao hawakuwa na nchi wala mshahara, na biashara ya afyuni ndiyo iliyokuwa ikiwalisha.

Katika miaka ya 1970 serikali ya Thailand iliwatumia kupigana na waasi milimani, na wengi walipoteza maisha. Walionusurika walipewa uraia, wakatakiwa kuachana na silaha na afyuni. Wakapanda chai. Kijiji kikapewa jina jipya la Santikhiri, yaani mlima wa amani. Leo matuta ya chai yamepangwa mlimani kama ngazi, wajukuu wa askari wale huwakaribisha wageni kwa vikombe vidogo vya chai ya moto, na makumbusho ya mashujaa yamehifadhi majina ya waliokufa.

DOI TUNG, MLIMA ULIOVALISHWA MITI

Maana ya Doi Tung ni mlima wa bendera, kwani inasimuliwa kwamba bendera ndefu ilisimikwa kileleni ili kuonyesha mahali pa kujenga. Hapo pana minara miwili pacha ya dhahabu. Waumini huamini kuwa humo umehifadhiwa mfupa wa mtulinga wa Budha, na kila mwaka maelfu hupanda kuhiji.

Miaka arobaini iliyopita mtu aliyetazama kutoka minara hiyo aliona vilele vitupu. Misitu ilikatwa na kuchomwa kwa kilimo cha kuhamahama, na mazao yaliyoleta fedha yalikuwa ni mipopi, mmea utoao afyuni, ambayo Waswahili wa zamani waliiita kasumba. Sheria ya Thailand iliipiga marufuku afyuni tangu mwaka 1959, lakini sheria peke yake haikujaza chungu cha mtu yeyote. Polisi waliweza kufyeka shamba leo, na kesho mwenye shamba akapanda jingine bonde la pili, kwa sababu watoto wake walikuwa na njaa.

Mwaka 1988 Srinagarindra, mama yake Mfalme Bhumibol, aliyekuwa na umri wa karibu miaka 88, alianzisha hapo mpango wa maendeleo. Mama huyo hakuzaliwa katika jumba la kifalme; alikuwa yatima wa ukoo wa kawaida, akasomea uuguzi. Watu wa milimani walikuwa wakimwita Mae Fah Luang, jina lenye maana ya mama wa kifalme atokaye mbinguni, kwa kuwa alizoea kuwafikia kwa helikopta akiwa na madaktari.

Mpango wenyewe ulianza na mambo ya nyumbani: maji, zahanati, shule na kazi ya ujira. Wanakijiji waliajiriwa kupanda miti katika milima ile ile waliyoifyeka. Chini ya miti ikapandwa kahawa ya Arabika na makadamia. Viwanda vidogo vya kukaanga kahawa, kufuma nguo, kufinyanga vyombo na kutengeneza karatasi za mforosadi viliwapa akina mama mapato yao wenyewe. Mama wa mfalme alifariki mwaka 1995, lakini kazi haikukoma. Leo milima ni kijani, na bustani ya maua iliyo karibu na nyumba aliyoishi hutembelewa mwaka mzima. Anayenunua pakiti ya kahawa hapo ananunua kitu kilichochukua mahali pa afyuni.

PANGO LA MWANAMKE ALIYELALA

Karibu na mji wa mpakani wa Mae Sai, safu ya milima inafanana na mwanamke aliyelala chali, nywele zake zimetandazwa. Chini yake lipo pango la Tham Luang, lenye urefu wa kilomita kama kumi. Kabla ya mwaka 2018 lilijulikana na wachache.

Tarehe 23 Juni mwaka huo vijana 12 wa timu ya kandanda, wenye umri wa kati ya miaka 11 na 16, waliingia pangoni pamoja na kocha wao mwenye miaka 25. Mvua kubwa ilinyesha, maji yakajaa, wakakosa njia ya kutokea. Jioni baiskeli zao zilikutwa mlangoni. Siku tisa zilipita bila habari. Usiku wa tarehe 2 Julai, wapiga mbizi wawili wa Uingereza waliwakuta wote 13 wakiwa hai, juu ya kijiwe kikavu, karibu kilomita nne kutoka mlangoni.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Zaidi ya watu 10,000 walishiriki katika uokoaji, wakiwamo askari wa jeshi wapatao 2,000, polisi wapatao 900 na wapiga mbizi zaidi ya 100 kutoka Thailand na nchi za nje. Mashine zilivuta maji usiku na mchana, zaidi ya lita bilioni moja. Maji hayo yalimwagika katika mashamba ya mpunga yaliyo chini ya mlima na kuharibu miche, na wapo wakulima waliokataa fidia, wakisema mpunga hupandwa tena. Wanawake wa Mae Sai walipika chakula cha maelfu, na wengine walizichukua usiku nguo za waokoaji zilizojaa matope, wakazirudisha alfajiri zikiwa safi na kavu.

Miongoni mwa waliofika alikuwa Saman Kunan, mwenye umri wa miaka 37, askari wa zamani wa kikosi maalumu cha jeshi la wanamaji. Alikuwa amekwisha kuacha jeshi, wala hakuna aliyemlazimisha. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Julai alipeleka mitungi ya hewa ndani ya pango. Wakati wa kurudi alipoteza fahamu majini, akafariki. Wenzake waliendelea. Kati ya tarehe 8 na 10 Julai watoto wote na kocha walitolewa mmoja mmoja, wakiwa wamelazwa kwa dawa na kufunikwa vinyago vya hewa, wakipitishwa majini mikononi mwa wapiga mbizi. Desemba mwaka 2019 mwanamaji mwingine, Beirut Pakbara, alifariki kwa maradhi ya damu aliyoyapata katika kazi hiyo.

Jambo jingine lilijulikana siku zile. Watoto watatu na kocha wao hawakuwa na uraia wa nchi yoyote, kama walivyo watu wengi wa mipakani. Hakuna muokoaji aliyeuliza hati kabla ya kupiga mbizi. Agosti mwaka huo huo wote wanne walipewa uraia wa Thailand.

Karibu na mlango wa pango imesimamishwa sanamu ya Saman, naye amezungukwa na nguruwe mwitu wadogo 13, kwani jina la timu ile ni Nguruwe Mwitu. Wageni hununua maua na kuyaweka miguuni pake. Pango hufungwa wakati wa mvua, na onyo hilo halina budi kuheshimiwa.

PENYE MIPAKA MITATU

Mashariki ya Mae Sai, mto Ruak unaingia katika Mekong, na hapo Thailand, Myanmar na Laos hutazamana. Mahali hapo paliitwa Pembetatu ya Dhahabu kwa sababu ya biashara ya afyuni. Karibu yake yapo makumbusho ya afyuni, ambayo mgeni huyaingia kwa njia ya chini ya ardhi yenye giza, urefu wa mita 137. Ndani huonyeshwa jinsi mmea mmoja ulivyozua vita, ukatajirisha wachache na kuharibu nyumba zisizo na idadi. Mzazi mwenye vijana atafanya vyema kuwapeleka.

Mbele kidogo upo Chiang Saen, mji wa kale wenye kuta za matofali zilizomezwa na mizizi. Uliachwa mahame baada ya vita vya mwaka 1804, ukakaliwa tena mwishoni mwa karne hiyo. Nje ya ukuta lipo Wat Pa Sak, hekalu la msitu wa misaji. Inasimuliwa kuwa Mfalme Saen Phu, mjukuu wa Mangrai, aliamuru ipandwe misaji 300 kulizunguka. Kivuli cha misaji ndicho kinachompokea mgeni hata leo.

Apendaye mandhari peke yake na aende Phu Chi Fa, genge lililo mpakani na Laos, ambalo jina lake lasema mlima unaoinyooshea mbingu kidole. Watu huamka saa kumi alfajiri, wakapanda kwa miguu, wakalingojea jua lichomoze juu ya ukungu ulioenea chini yao kama bahari. Maporomoko ya Khun Kon, yenye kimo cha mita 70, yako umbali mfupi zaidi kutoka mjini, na njia ya miguu ya kuyafikia hupita katika msitu wa kivuli.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Wakati mzuri wa kutembelea ni kuanzia Novemba hadi mwanzoni mwa Februari, kukiwa na baridi na anga safi. Milimani sweta ni lazima. Kati ya Februari na Aprili moshi wa mashamba na misitu inayochomwa hufunika mkoa, na wenye pumu hawana raha.

Aingiaye hekaluni huvua viatu, hufunika mabega na magoti, na akiketi haelekezi nyayo zake kwenye sanamu ya Budha. Mwanamke hamgusi mtawa, wala hampi kitu mkono kwa mkono.

Chakula maarufu ni khao soi, tambi zilizopikwa katika mchuzi wa bizari na tui la nazi, zikaliwa na kitunguu na ndimu. Hali kadhalika ipo nam ngiao, mchuzi wa nyanya unaotiwa maua makavu ya msufi mwekundu. Asiyekula nguruwe aulize kwanza. Wali wa kunata huliwa kwa mkono. Nanasi dogo la Nang Lae ni tamu kiasi cha kumfanya mtu asahau chumvi na pilipili anazopewa kulilia.

KAZI HAIJAISHA

Septemba mwaka 2024 kimbunga Yagi kilileta mafuriko makubwa. Mji wa Mae Sai ulijaa matope hadi madirishani, na mto Kok ukaingia Chiang Rai mjini. Askari, polisi, watawa na wanafunzi walizoa matope kwa koleo na ndoo, nyumba baada ya nyumba. Mwaka uliofuata wataalamu waligundua katika mto Kok sumu ya arseniki kupita kiwango kinachokubalika, na wakazi wakaonywa wasiyatumie maji yake. Vidole vilielekezwa kwenye migodi iliyo ng'ambo ya mpaka, mahali ambapo sheria za Thailand hazifiki.

Basi mto ule ule ambao Mangrai aliuchagua mwaka 1262 sasa unangoja kuponywa, nao hauwezi kuponywa na nchi moja. Milima ya Doi Tung ilichukua miaka mingi, na kazi yake ilianza kwa kuuliza watu wa mlimani wanakula nini. Watu wa Chiang Rai wanaijua kazi ya namna hiyo.